Mazoezi kwa anayesafishwa damu: siku gani, saa ngapi, kiasi gani

Dalili ya kwanza kwamba mapaja yameishiwa nguvu huonekana chooni kabla ya kuonekana kliniki. Mtu aliyezoea choo cha kuchuchumaa anaanza kushika ukuta ili ainuke. Baadaye ngazi ya daladala inakuwa ndefu kuliko ilivyokuwa mwaka jana, na anayeswali anaomba kiti kwa sababu kuinuka kutoka sijida kunamtoa jasho. Nyumbani watasema ni figo hizo, au ni umri. Kwa kiasi ni kweli. Lakini kwa mtu aliye kwenye mashine ya kusafisha damu, sehemu kubwa ya udhaifu huo ni misuli iliyopungua, na misuli, tofauti na figo zilizokwisha kufa, inaweza kurudi.

Misuli hiyo inaenda wapi? Kwanza inamalizwa na kukaa. Ratiba kamili ya kusafisha damu ni saa 4, mara 3 kwa wiki: saa 12 kitini au kitandani, saa 624 kwa mwaka, na hapo hujahesabu safari, foleni na nusu siku inayofuata ambayo wengi huimaliza wamelala. Pili ni mashine yenyewe. Chujio linalotoa uchafu hutoa na vitu vizuri pia. Kila kipindi huondoka na gramu 6 hadi 12 za asidi amino, yale matofali ambayo mwili hujengea misuli. Tatu ni tindikali inayorundikana kwenye damu kati ya kipindi na kipindi, ambayo huuamrisha mwili uvunje protini yake wenyewe.

Sababu ya nne inaudhi kwa kuwa inazuilika: ushauri wa chakula uliopitwa na wakati. Kabla hajaanza mashine, mgonjwa aliambiwa apunguze nyama na maharage ili asizilemee figo. Akaanza mashine, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria imegeuka. Anayesafishwa damu anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha samaki au kuku kilichopikwa, chenye uzito wa gramu 100, kina karibu 25. Mtu anayeishi kwa uji na chai ya rangi, halafu akajitosa kwenye mazoezi makali, anapikia nguzo za nyumba yake.

Faida iliyopimwa

Jaribio la EXCITE la Italia, lililochapishwa 2017, liliwapa wagonjwa kazi ndogo sana: kutembea dakika 10 mara mbili, siku 3 kwa wiki, siku zisizo za mashine, wakifuata mdundo wa kifaa kinachogonga kama saa ya ukutani. Baada ya miezi 6, umbali waliomudu kutembea kwa dakika 6 ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Walioendelea na maisha yao ya kawaida walibaki karibu palepale. Ujerumani, jaribio la DiaTT (2023) liliweka mazoezi kwenye kiti cha mashine kwa miezi 12. Idadi ya kuinuka na kukaa ndani ya sekunde 60 ilipanda kutoka 16.2 hadi 19.2, kundi lisilofanya mazoezi likaanzia 16.2 hiyohiyo na kushuka hadi 14.7. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa. Asiyefanya kitu habaki alipo, anashuka.

Lakini kuna upande wa pili. Jaribio la PEDAL la Uingereza (2021), lililowapa wagonjwa miezi 6 ya mazoezi wakiwa kwenye mashine, halikuonyesha kwamba walijiona wana maisha bora zaidi, na mahudhurio ya vipindi vya mazoezi yalikuwa hafifu. Kwa hiyo tusimuuzie mgonjwa ndoto. Mazoezi yanarudisha miguu. Kwamba yanaongeza miaka ya kuishi, majaribio haya matatu hayakuthibitisha.

Kalenda ya maji na potasiamu

Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani humchukulia mgonjwa anayesafishwa mara 3 kwa wiki. Afrika Mashariki wengi husafishwa mara 2, kwa sababu ya gharama, uchache wa mashine, au kiwango ambacho bima inakubali kulipia. Tofauti hiyo inapangua ratiba nzima ya mazoezi, na ajabu ni kwamba huisikii ikizungumzwa.

Chukua mtu mwenye uzito mkavu wa kilo 60, yaani uzito anaobaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Anakwenda kwenye mashine Jumatatu na Alhamisi. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni siku 4. Akiongeza kilo 1 ya maji kila siku, anafika Jumatatu na kilo 4. Kiwango cha usalama cha kutoa maji ni mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, ambacho kwake, kwa saa 4, ni lita 3.1. Ama atolewe yote kwa kasi inayoshusha presha, ama arudi nyumbani na karibu lita nzima iliyobaki.

Kabla hayajatolewa, maji hayo yamo miguuni na kwenye mishipa, na yameanza kunyemelea mapafu. Mtu huyo akipanda ngazi Jumapili jioni akahema, asidhani amekosa pumzi ya mazoezi. Ni maji. Kujisukuma zaidi ili "kujenga stamina" siku hiyo ni kuulazimisha moyo uliokwisha kujaa ufanye kazi ya ziada.

Potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo nzima huyatoa kwa mkojo, inafuata kalenda hiyohiyo. Msuli unapofanya kazi humwaga potasiamu kwenye damu, kisha huirudisha ndani dakika chache baada ya kupumzika. Kwa mwenye kiwango cha kawaida, ongezeko hilo hupita bila kujulikana. Kwa aliyefika siku ya nne bila mashine, huku akiwa amekula ndizi na parachichi, linaweza kumfikisha pale ambapo moyo unavurugika mapigo. Tena onyo lenyewe hufanana na uchovu wa kawaida: miguu mizito isiyotii, ganzi kuzunguka mdomo, moyo kurukaruka.

Basi mgonjwa wetu wa Jumatatu na Alhamisi aweke mazoezi ya nguvu Jumanne na Ijumaa, siku moja baada ya mashine, maji na potasiamu vikiwa chini. Jumatano na Jumamosi atembee tu. Jumapili ni ya kujinyoosha na shughuli ndogo za nyumbani. Asubuhi ya siku ya mashine asifanye zoezi lolote kabla ya kwenda. Akikosa kipindi kimoja kwa sababu yoyote, mazoezi yote yasimame mpaka asafishwe.

Saa 2 za mwanzo kitini

Pale kitengo kinaporuhusu, kuna zoezi linalofanyika wakati mashine inazunguka. Mantiki yake ni kwamba damu nyingi zaidi hupita kwenye misuli, na uchafu uliojificha humo hutoka kwenda kwenye mashine. Nyongeza hiyo ya usafi ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba saa ambazo zingepotea zinatumika, na muuguzi yupo.

Lifanyike ndani ya saa 2 za mwanzo. Kadiri kipindi kinavyosonga, maji yanazidi kupungua kwenye mishipa na moyo unabaki na damu kidogo ya kusukuma. Ukiongeza kazi ya misuli saa ya tatu, presha inaporomoka na misuli ya miguu inakaza. Vifaa si lazima viwe vya bei. Pedali ndogo ya kuwekwa mbele ya kiti inafaa, lakini hata soksi ndefu iliyotiwa nusu kilo ya mchele na kufungwa kwenye kifundo cha mguu inafanya kazi. Nyoosha goti mpaka mguu ulale sawasawa na paja, hesabu tatu, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, pumzika dakika moja, rudia. Kisha kanyaga na kuinua visigino mara 20. Kwa anayepiga pedali, dakika 10 zinatosha wiki ya kwanza, na lengo ni 30.

Mkono wenye sindano usisogee hata kidogo. Sindano ikihama ukutani mwa mshipa, damu huvujia chini ya ngozi, uvimbe unakua ndani ya dakika, na mkono huo unaweza usitumike kwa siku kadhaa. Presha ipimwe kabla ya kuanza na kila baada ya dakika 10 hadi 15. Ikiwa namba ya juu iko chini ya 100 au imezidi 180, au ya chini imezidi 110, siku hiyo mazoezi yaahirishwe. Daktari wako anaweza kukuwekea mipaka mingine, fuata yake.

Kuondoka pia kuna taratibu zake. Ukishatolewa sindano na damu ikakata, kaa wima miguu ikiwa chini kwa dakika 5, simama ukishika kiti kwa dakika moja, ndipo utembee. Presha hushuka pale mtu anaposimama, na wengi huanguka mlangoni au kwenye ngazi za hospitali. Bodaboda saa hiyo ni chombo kibaya kuliko vyote: kizunguzungu kikija, huna pa kuegemea isipokuwa mgongo wa dereva.

Kiti kimoja na saa ya simu

Kabla ya kuanza programu nyumbani, jipime. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, urefu wake sentimita 45 hivi, yaani cha kawaida cha mezani. Kisukume ukutani kisiteleze. Vaa viatu, si ndala. Kaa, kunja mikono kifuani, kila kiganja begani. Mtu mwingine awashe saa ya simu. Inuka mpaka magoti yanyooke kabisa, kaa mpaka makalio yaguse kiti, mara 5 mfululizo, haraka kadiri unavyoweza bila kujirusha. Ukizidi sekunde 15, nguvu ya miguu iko chini. Kwenye jaribio la Italia wastani wa kuanzia ulikuwa sekunde 20.5, kwa hiyo usishtuke. Usipoweza kuinuka hata mara moja bila mikono, hiyo nayo ni namba: andika sifuri na tarehe.

Kinachokosewa hapa ni kuhesabu nusu. Mtu anainuka akiwa amepinda magoti, anakaa kabla hajasimama, saa inatoa matokeo ya uongo. Kosa jingine ni kupima siku ya mashine mara hii na siku ya pili yake mwezi ujao. Pima siku ileile ya mzunguko, saa ileile, mara moja kwa mwezi.

Kipimo hichohicho ndicho zoezi. Anza na kuinuka mara 5, pumzika, mara 5 tena, siku 2 kwa wiki. Ukiweza mara 12 bila kusita, ongeza seti ya tatu. Anayeshindwa aweke mto mgumu juu ya kiti ili kiwe kirefu, au asukume mapaja kwa mikono, kisha apunguze msaada huo wiki hadi wiki. Siri iko kwenye kushuka: kaa ukihesabu tatu. Anayejidondosha kitini anapoteza nusu ya zoezi.

Kutembea kuanze na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, kwenye njia tambarare, na kuongezwe dakika 2 au 3 kila wiki mpaka kufika 30 kwa siku. Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, asubuhi ina maana kabla ya saa 2, jua halijakolea. Usitegemee mapigo ya moyo kupima ukali: dawa kama atenolol na carvedilol huyazuia yasipande, na kisukari cha muda mrefu huharibu neva zinazoyaongoza. Tumia mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukisema neno mojamoja, punguza.

Kuruka, kukimbia kwenye lami na kubeba vyuma vizito kwa ghafla tungeviacha kando. Ugonjwa wa figo hudhoofisha mifupa, na homoni ya tezi ndogo za shingoni ikiwa juu kwa miaka hulegeza kano. Kano kubwa ya juu ya goti imewahi kukatika kwa watu waliojikwaa tu kwenye ngazi.

Mkono wa fistula

Fistula ni mshipa wa vena ulioungwa na ateri ili upanuke na kuhimili sindano kubwa. Huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, kukomaa. Daktari wa upasuaji akiruhusu, binya mpira laini, ukubwa wa mpira wa tenisi: bana, hesabu tatu, achia, kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Kipindi hicho mkono huo usibebe zaidi ya kilo 2, yaani hata ndoo ndogo ya maji hapana.

Ikishakomaa, kosa huwa la upande wa pili: mtu anaubeba mkono kama bawa lililovunjika, bega linakakamaa, vidole vinakosa nguvu. Mkono wa fistula iliyokomaa unafua, unapika, unafanya mazoezi mepesi. Kisichotakiwa ni kitu cha kuubana: saa ya mkono, mkoba ulioning'inizwa kwenye kiwiko, mpira wa mazoezi uliozungushwa juu ya mshipa, kipimo cha presha, au kuulalia. Kila asubuhi na kila baada ya mazoezi weka vidole juu yake. Unatakiwa kuhisi mtetemo kama wa simu iliyozimwa mlio. Mtetemo ukipotea, nenda kituoni siku hiyohiyo. Donge la damu linalowahiwa mapema linaweza kutolewa, la siku tatu mara nyingi ndiyo mwisho wa fistula hiyo.

Mwenye katheta, yaani mrija wa kusafishia damu, ya shingoni au kifuani asiogelee, asiloweshe bandeji kwa jasho bila kuibadilisha, na aache mazoezi ya kunyanyua mikono juu ya kichwa. Wanaosafishwa kwa maji ya tumboni, ambao kwetu ni wachache, wafanye mazoezi ya nguvu maji yakiwa yametolewa na wasikaze tumbo kwa nguvu, kwa kuwa lita 2 ndani pamoja na msukumo ndizo zinazoleta ngiri.

Dafu baada ya jasho, na makosa mengine matamu

Pwani, mtu akitoka jasho hupewa dafu. Kwa anayesafishwa damu, hilo ni kosa kubwa kuliko zoezi lenyewe: glasi moja ya maji ya dafu ina karibu miligramu 600 za potasiamu, na dafu zima huzidi hapo. Juisi ya machungwa na ya miwa nazo ziachwe. Kiu izimwe kwa kusukutua, kipande cha barafu, au maji yaliyokwisha kuhesabiwa ndani ya kiwango chako cha siku. Kwa kawaida kiwango hicho ni mkojo unaotoa kwa saa 24 ukiongeza nusu lita. Dakika 20 za kutembea hazikupi ruhusa ya chupa ya ziada.

Mwenye kisukari ana jambo lake. Figo zikifa, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo zoezi dogo linaweza kuishusha sukari kuliko zamani. Pima kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5.6 mmol/L, kula kwanza. Ikishuka katikati, tumia vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji kidogo, usikimbilie ndizi wala juisi. Kagua nyayo kila jioni, kwa kioo ikibidi, maana mguu uliokufa ganzi hausemi kiatu kinapouchuna.

Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Yanayofuata ndiyo tatizo: duka la dawa, vidonge vya diclofenac au ibuprofen. Kama bado unatoa mkojo kidogo, dawa hizo zinaua sehemu ya figo iliyobaki, na tumboni huongeza hatari ya kuvuja damu. Paracetamol kwa kipimo chake inatosha.

Simama papo hapo na utafute msaada ukipata maumivu ya kifua, moyo kurukaruka, kuhema hata ukiwa umekaa, au kizunguzungu kisichopita. Homa yoyote, hasa kwa mwenye katheta, ni siku ya hospitali. Na kama himoglobini imeshuka sana, anza na sindano za kuongeza damu na madini ya chuma. Hakuna programu ya mazoezi inayoshinda himoglobini ya 7.

Likitokea kwamba programu inafanya kazi, kuna jambo moja ambalo mizani ya kitengo haitaligundua yenyewe. Mtu anayekula vizuri na kujenga mapaja anaongezeka kilo za nyama. Uzito mkavu ukibaki ule wa mwaka jana, mashine itazidai kilo hizo kama maji, na mgonjwa ataanza kukazwa misuli na kushuka presha kila kipindi, huku akiambiwa anakunywa mno. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: anayekonda anapoteza nyama, maji yanachukua nafasi yake, mizani inasema vilevile, na presha inapanda bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo siku unayojipima kwa kiti, peleka namba hiyo kwa muuguzi pamoja na habari za hamu ya kula na za viatu kubana jioni, na uulize waziwazi kama uzito mkavu unahitaji kupangwa upya.